UZI: Naisikia ISS vizuri kutoka Mtwara, lakini nikiita hakuna anayejibu. Tatizo liko wapi?

Kuchele (Shangani, Mtwara)

Wakuu, salaam. Wenye uzoefu wa redio za ridhaa naomba msaada, hii ni wiki ya tatu nimekwama.

Leseni ya TCRA ninayo na alama yangu ya mwito inaanza na 5H. Ninachotafuta ni kuongea na mtu, hata mmoja, kupitia ripita iliyomo ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS. Kwa wasioifahamu: unarusha kwenye 145.990 MHz ukiwa na toni ya 67.0 Hz (mlio mzito unaoifungua ripita), redio ya kule juu inapokea na kuitoa palepale kwenye 437.800. Kituo kiko kilomita 400 na ushee juu yetu, kwa hiyo kikiwa utosini mwako kinaonana na watu walio kama kilomita 2,200 kila upande. Kutoka hapa hiyo ni Nairobi, Lusaka, Harare, Antananarivo, hadi kisiwa cha Réunion.

Vifaa vyangu: redio mbili za mkononi za bendi mbili, za bei nafuu. Moja ya kurushia, nyingine ya kusikilizia. Antena ni yagi, ile ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, niliyoiunda mwenyewe. Nilichukua vijiti vya alumini kwenye antena chakavu ya TV, nikavifunga kwenye kipande cha mbao: vitatu vya bendi ya mita 2 (ile ya 145 MHz), vitano vya bendi ya sentimita 70 (ile ya 437). Huwa nasimama ufukweni, na mashariki yangu ni bahari tupu.

Kusikia nasikia. Jumamosi baada ya Isha niliwasikia watu wawili wa Afrika Kusini wakisalimiana, sauti safi kama wako Chuno, hapahapa mjini. Nikasubiri wanyamaze, nikaita kwa alama yangu na gridi yetu (mraba wetu kwenye ramani), "Lima Hotel sifuri tisa", yaani LH09. Kimya. Nikaita tena, wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba sipo. Imekuwa hivyo mara kumi na moja, zote nimeziandika kwenye daftari. Naumia kwa sababu sijui hata nianzie kutafuta wapi.

Fundi Dishi (Lindi mjini)

Kaka Kuchele, pole. Tuanze na ile toni, maana ndiyo inayowazuia watu wengi mlangoni. Kwenye redio hizi za bei nafuu kuna menyu mbili zinazofanana: namba 11 ni R-CTCS na namba 13 ni T-CTCS. Ya 13 ndiyo inayotuma toni unapobonyeza kitufe. Ya 11 ni kufuli ya kusikilizia: ukiweka 67.0 pale, redio yako itanyamaza mpaka isikie toni hiyohiyo kutoka kwa mwenzako. Mimi niliweka 67.0 kwenye 11 mwezi mzima. Ya 11 iwe imezimwa, ya 13 iwe 67.0, na skwelchi (kile kizuia mvumo) iwe sifuri ili usikie mvumo muda wote.

Usiiamini skrini, ipime. Chukua redio ya pili, iweke kwenye 145.990, halafu hiyo ya pili ndiyo uiwekee 67.0 kwenye menyu 11. Ukiwa chumbani, rusha kwa nguvu ndogo kwa sekunde moja, wakati ISS haipo juu yetu. Redio ya pili ikifunguka na kutoa sauti, toni inatoka.

Halafu unafuatisha Doppler? Unajua honi ya basi la Dar likikupita barabarani inavyoanza kwa sauti nyembamba na kuishia kwa sauti nzito? ISS inakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo 437.800 inapochomoza unaipata juu kidogo, karibu 437.810, na inapozama iko karibu 437.790. Hifadhi chaneli tano: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795, 437.790. Zote zirushe kwenye 145.990 na toni yake. Upande wa kurushia mabadiliko hayafiki hata kilohezi 4, kwa FM hayakusumbui.

Kuchele

Ahsante kaka. Nimepima kama ulivyosema, toni inatoka, redio ya pili imefunguka. Chaneli tano ninazo tangu mwanzo. Kwa hiyo tatizo si hapo.

Mwalimu (Masasi)

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, sina leseni na sirushi, nasikiliza tu kwa kile kidude cha USB cha kupokelea redio kwenye kompyuta. Programu inaniambia kituo kinapita saa fulani, natoka uani, sisikii kitu. Je, huku Masasi kituo hakifiki, au kosa ni langu?

Fundi Dishi

Dada Mwalimu, kinafika, mnaonana nacho kama sisi. Angalia mambo mawili. Kwanza saa: programu nyingi zinaonyesha saa ya dunia, UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Ukisoma 16:20 ukatoka saa kumi na dakika ishirini jioni, umewahi kwa saa tatu nzima. Pili, takwimu za mzunguko wa kituo. Zinatolewa upya mara kwa mara kwa sababu kituo kinashuka taratibu na wakati mwingine kinasukumwa juu kwa injini. Ukitumia takwimu za miezi miwili iliyopita, unaelekeza antena mahali kilipokuwa. Zipakue upya kila wiki.

Na kabla ya kutoka nje tazama ukurasa wa AMSAT (chama cha setilaiti za redio ya ridhaa) wa hali za setilaiti, ambako watu wa dunia nzima huandika walichosikia. Ripita ya ISS huzimwa wanaanga wakitoka nje ya kituo, au chombo kikija kutia nanga. Siku nyingine hubadilishwa ikatuma picha kwenye 145.800, au data kwenye 145.825. Unaweza kukaa uani usiku kucha ukisubiri redio iliyozimwa.

Mzee wa Mikindani

Wanangu, nimesoma tangu juu. Kuchele, nina swali moja, na naona hakuna aliyekuuliza. Unapobonyeza kitufe na kuongea, unajisikia? Sauti yako mwenyewe inarudi kwenye redio ya kusikilizia?

Kuchele

Shikamoo Mzee. Hapana, sijisikii. Nikibonyeza, redio ya kusikilizia inakufa kabisa, hata ule mvumo unakatika. Nikiachia, wenzangu wanarudi. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mzee wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Sivyo inavyotakiwa, na nashukuru umeeleza vizuri.

Chukua kalamu. Zidisha 145.990 mara tatu. Unapata 437.970. Wewe unasikiliza kwenye 437.800. Kila kirusha redio hutoa masafa yake, na pia hutoa vivuli vyake hafifu vya mara mbili, mara tatu na kuendelea. Kivuli cha mara tatu cha bendi ya mita 2 kinaangukia katikati ya bendi ya sentimita 70, kilohezi 170 tu kutoka pale ulipotega sikio. ISS iko mbali, sauti yake inakufikia kama mnong'ono. Redio yako ya kurushia iko sentimita 40 kutoka kwenye redio inayosikiliza, na inatoa wati 5. Ni sawa na kumsikiliza mtu wa ng'ambo ya ghuba huku jirani anapiga ngoma sikioni mwako. Hata bila kile kivuli, redio hizi za bei nafuu zina mlango mpana: wati 5 za karibu zinaingia na kuiziba masikio hata kama ziko kwenye bendi nyingine.

Huhitaji setilaiti kuhakikisha. Weka redio ya kusikilizia kwenye 437.800, skwelchi sifuri, usikilize mvumo. Bonyeza ile nyingine. Mvumo ukibadilika au ukikatika, sikio lako limezibwa.

Lakini hilo linaeleza nusu ya tatizo lako. Linaeleza kwa nini hujisikii. Halielezi kwa nini wale Waafrika Kusini hawakukujibu, kwa sababu ukiachia kitufe unawasikia, na wangekujibu ungewasikia. Kwa hiyo kuna kosa la pili upande wa kurushia, na hutalipata mpaka utakapoweza kujisikia. Anayejisikia anajua ndani ya sekunde moja kama ameingia. Asiyejisikia anabaki kuwauliza watu wa mbali, na huku kwetu watu wenyewe ni wachache: mara nyingi kituo kinapita juu ya bahari na pori, hakuna hata mmoja aliyewasha.

Fundi Dishi

Mzee, ninavyojua mafundi wa zamani walikuwa wanakata kipande cha waya wa antena, robo ya wimbi, wanakiunga pembeni ya njia ya kupokelea kuzima masafa yanayosumbua. Akate cha 146 aweke kwenye redio ya kusikilizia?

Mzee wa Mikindani

Wazo zuri, ila hapa linagoma, na sababu ni ileile hesabu ya mara tatu. Kipande cha robo wimbi kwenye 146 ni robo tatu ya wimbi kwenye 438, na robo tatu inazima kama robo inavyozima. Utaua kelele na utaua ISS pamoja nayo.

Dawa ni daipleksa ya mita 2 na sentimita 70. Ni kiboksi kidogo chenye matundu matatu. Upande wa mita 2 unapitisha ya chini na kuzuia ya juu, kwa hiyo kile kivuli cha mara tatu kinakwama humo kabla hakijafika kwenye antena. Upande wa sentimita 70 unapitisha ya juu na kuzuia zile wati 5. Kiboksi kimoja, kazi mbili. Wakati unakisubiri, tenganisha redio, punguza nguvu ya kurushia, na uweke vijiti vya mita 2 vikingamane na vya sentimita 70, kimoja kimelala kingine kimesimama.

Na la pili, kesho saa moja jioni niite moja kwa moja kwenye 145.500, bila setilaiti. Kwanza kwa yagi yako ukiielekeza Mikindani, halafu kwa ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio. Nitakueleza ninachosikia.

Kuchele

Wakuu, nina majibu na bado mikono inanitetemeka.

Nimemwita Mzee kwa yagi, akasema ananisikia kwa shida, maneno yanakatika. Nikafunga antena ya mpira, akasema, "Sasa umekuja vizuri." Antena ya mpira imeishinda yagi ya vijiti vitatu! Kwa sentimita 70 yagi inasikia vizuri, kwa hiyo ugonjwa uko upande wa mita 2 peke yake.

Nimeifungua mezani. Pale waya wa shaba unapokutana na kijiti cha alumini nilikuwa nimekaza kwa skrubu tu. Kulikuwa na unga mweupe mzito, na chini yake alumini imelika kama jino bovu. Upande wa sentimita 70 niliutengeneza baadaye, na ule wa mita 2 umekaa kibarazani tangu masika ukipigwa na upepo wa bahari.

Fundi Dishi

Hiyo ndiyo Pwani, kaka. Shaba na alumini vikigusana penye chumvi na unyevu, alumini inaliwa. Nayaona madishi hapa Lindi, nyumba za karibu na maji konekta hazimalizi miaka miwili. Kijiti kile kinachopokea waya kibadilishe kiwe cha shaba nyeupe, zile fimbo za kuchomelea zinazouzwa kwa mafundi wa vyuma. Inashika risasi, unalehemu waya moja kwa moja bila skrubu. Halafu funika kwa gundi ya moto na utepe wa mpira.

Na waya wako ni upi, mrefu kiasi gani?

Kuchele

RG-58, mita 10. Nilinunua mrefu ili redio ikae barazani.

Fundi Dishi

Ukate. RG-58 ya mita 10 kwenye 437 inameza zaidi ya nusu ya kile kinachofika kwenye antena. Mita moja na nusu inakutosha ukishika antena mkononi. Ikikulazimu urefu wa upande wa kupokelea, waya wa dishi, RG-6, unapoteza kidogo kuliko huo. Ni wa ohmu 75 badala ya 50, lakini hasara ya kutolingana hapo ni ndogo sana.

Kilwa91

Nawafuatilia kutoka Kilwa Masoko. Kuchele alisema yeye ni LH09. Sisi wengine tunajuaje gridi zetu?

Mzee wa Mikindani

Gridi ni mraba wa digrii 2 kwa longitudo na digrii 1 kwa latitudo, na kusini yetu imekatwa kwa namna ya kupendeza. Mstari wa longitudo ya 40 unapita kati ya Lindi na Mikindani. Mashariki yake, Mikindani na Mtwara mjini, ni LH09. Magharibi yake, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, ni KH99. Mji wa Lindi umekaa karibu kabisa na latitudo ya digrii 10 kusini, mji wenyewe ni KI90, ila ukishuka hadi Mingoyo uko KH99. Wewe wa Kilwa Masoko ni KI91. Wanaokusanya gridi duniani wanazitafuta hizi zetu kwa hamu, kwa kuwa ni nadra mtu kurusha kutoka humo. Siku mkipata nafasi ya kwenda Newala, simameni ukingoni pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liko chini yenu. Kituo mtakipata kikiwa bado kinachungulia upande wa Msumbiji.

Kilwa91

Shukrani Mzee. Na mimi nina dishi bovu tu nyumbani, sina yagi. Kuna cha kufanya?

Fundi Dishi

Hapo umenigusa. Tafuta QO-100. Ni vifaa vya redio ya ridhaa vilivyo ndani ya setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Imetulia nyuzi 25.9 Mashariki, haichomozi wala haizami, na Afrika yote inaiona. Dishi la nyuzi 7 Mashariki huku kwetu linatazama magharibi, limenyanyuliwa kama nyuzi 50. Kwa QO-100 zungusha kuelekea kaskazini-magharibi, karibu nyuzi 305 kwenye dira, na unyanyue hadi karibu 70. Mazungumzo yako kati ya 10489.5 na 10490 MHz, mkao wa wima, kwa hiyo LNB ya kawaida (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) ipe volti 13. LNB inapunguza 9750, unayapata karibu na 739.5 hadi 740 kwenye kile kidude cha Mwalimu. Mchana LNB ikipata joto inahama masafa, hivyo anza na ile alama ya katikati, 10489.750, urekebishe kwayo. Kurusha ni 2400 MHz na kunataka vifaa vingine, ila kusikiliza unaanza na dishi ulilonalo. Wanaojisikia kupitia hiyo sauti yao inarudi baada ya robo sekunde, kwa sababu ya umbali.

Ukitaka kurusha popote, leseni ya TCRA kwanza, na uwaulize kabla hujanunua redio.

Kuchele

Wakuu, daipleksa imefika kwa basi. Kijiti kipya cha shaba nyeupe nimelehemu, waya nimekata ukabaki mita moja na nusu.

Leo kituo kimechomoza kusini-magharibi, kikapanda hadi nyuzi 61, kikazama kaskazini-mashariki baharini. Nilianza na 437.810. Kulikuwa na mvumo tu, nikabonyeza, mvumo haukukatika, ila sikujisikia. Nikakumbuka kuzungusha mkono. Nimezungusha antena robo duara, kama anayefungua bomba, na mvumo ukazimika, na ndani ya ule utulivu nikasikia alama yangu ya mwito kwa sauti yangu. Nilinyamaza katikati ya neno. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yangu ikitoka huko.

Nikaita upya, alama na "Lima Hotel sifuri tisa". Kikiwa karibu utosini, mtu wa Réunion akajibu. Akarudia gridi yangu mara mbili kuhakikisha, nami nikamrudia ya kwake. Sekunde kama ishirini hivi, basi, nikawaachia wengine njia. Hakukuwa na mwingine.

Fundi Dishi, Mzee, Mungu awalipe. Mzee, kesho nakuja Mikindani na samaki.

Mzee wa Mikindani

Nimekusikia mwanangu. Nilikuwa nimewasha, sikutaka kukuingilia. Na ule mkono uliouzungusha uendelee nao: kituo kinageuka ukilinganisha na wewe kadiri kinavyopita, na vijiti vyako vina mkao mmoja. Kila sauti ikififia, zungusha kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Na kikiwa chini kabisa usijilaumu. Kutoka upeoni hadi utosini umbali unapungua kutoka zaidi ya kilomita 2,200 hadi 400 na kitu, nguvu inayokufikia inaongezeka karibu mara 30.

Mwalimu (Masasi)

Kaka Kuchele, saa niliirekebisha kama Fundi alivyoelekeza, nikapakua na takwimu mpya, lakini siku zote nilikuwa napata mkwaruzo mkali usioisha. Leo jioni umeme umekatika Masasi. Kompyuta ikabaki kwa betri, na ghafla mkwaruzo ukaisha. Ulikuwa unatoka kwenye chaja yangu na kwenye taa mpya za barazani, nimezijaribu moja moja umeme uliporudi.

Katika ule muda wa giza kituo kilikuwa kinapita. Nilikuwa uani na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, mmoja ameshika antena, mmoja anasoma chaneli. Tulisikia Mtanzania akisema Lima Hotel sifuri tisa, halafu akanyamaza katikati ya neno, halafu akaanza upya. Binti aliyeshika antena aliuliza kwa nini amenyamaza, sikuwa na jibu. Sasa ninalo, kesho nitamwambia.

Kituo kinapita tena lini upande wetu, na chaneli ipi tuanze nayo?

Kuchele

Dada Mwalimu, kesho saa moja na dakika kumi na mbili jioni kwa saa zetu, kinachomoza kusini-magharibi. Anzeni na 437.810 na chaja iwe imechomolewa. Nitaita, na nitaitaja KH99 mara mbili kwa ajili ya huyo binti.